Pini Mdomoni mwa Fundi

Kila alasiri Chiriku alipita dukani kwa fundi cherehani kabla ya kufika nyumbani. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu ya domo lake. Mama yake alikuwa akisema kwamba binti huyo angebishana na redio mpaka redio inyamaze.

Siku hiyo alikuwa na kazi ya shule. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi amuulize jirani mmoja dini yake inafundisha nini kuhusu furaha, kisha aeleze siku ya wazazi.

"Shikamoo, babu. Katika Uislamu furaha ni nini? Ni mali, sivyo? Mwenye mali hasumbuki."

Fundi alikuwa akipinda suruali, na kama kawaida yake alikuwa amebana pini midomoni. Aliinua mkono kumwashiria angoje. Chiriku, kungoja alikujulia wapi?

"Haya, kimya ni jibu. Asante, babu." Akaondoka zake.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa wazazi na majirani. Mwanafunzi mmoja alisimulia habari za jirani yake nesi, Mkristo, anayesema kwamba furaha hukaa hata kwenye dhiki, mradi mtu apende wenzake kama Mungu anavyompenda. Mwingine alimwelezea jirani yake fundi saa, Mbudha, anayeamini kwamba tamaa ikipungua, moyo hupumua.

Zamu ya Chiriku ikafika. "Jirani yangu ni Mwislamu, fundi wetu wa nguo. Yeye anasema furaha ni mali."

Watu waliguna. "Kumbe mzee ana tamaa hivyo," mtu mmoja alisema, na wengine wakacheka. Fundi, aliyekuwa ameketi katikati yao, aliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akatoka. Ndiye aliyewashonea watoto wengi viraka vya sare bila kudai chochote. Chiriku aliona aibu.

Aliomba ruhusa, akamfuata dukani. Fundi alikuwa amerudia kazi yake, pini mdomoni. Safari hii Chiriku alisimama mlangoni akanyamaza, jambo lililomgharimu, mpaka pini ya mwisho ilipochomekwa kwenye nguo.

"Nisamehe, babu. Nilikulisha maneno mbele ya watu."

"Niliumia, mjukuu wangu. Sitakuficha." Fundi alivua miwani. "Mke wangu alipofariki, nilidhani furaha imezikwa naye. Dini yangu inafundisha kwamba moyo hutulia kwa kumkumbuka Mungu. Basi nikawa namshukuru kwa miaka aliyotujalia pamoja. Kicheko kilichelewa, lakini utulivu ulikuja. Hiyo ndiyo furaha ninayoijua."

"Wazazi bado wapo ukumbini. Twende, nikaseme ukweli ukiwepo."

Walirudi. Chiriku alikiri kwamba jibu la mali lilikuwa lake mwenyewe. Kisha akayarudia maneno ya fundi, hakuongeza wala hakupunguza. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule aliyemkejeli fundi alikuja kumpa mkono.

Mwalimu aliwageukia wanafunzi. "Kila mtu ana njia yake ya kuielewa furaha. Ukitaka kuijua, muulize mwenyewe, halafu mwache ajibu. Kumsemea mtu usilolijua ni kumdhulumu, hata kama hukukusudia."

"Ndiyo, mwalimu," Chiriku aliitikia, akaishia hapo.

Fundi alitabasamu. "Na siku ukishindwa kungoja, mjukuu wangu, pita dukani nikuazime pini."