Kinyozi, Dada Yake na Barabara Mpya

Kinyozi alifungua duka lake asubuhi kama kawaida. Alifagia nywele za jana, akapangusa kioo, akawasha redio. Watu wa mtaa walimwita Taarifa, kwa sababu hakuna habari iliyompita. Ukikaa kwenye kiti chake, utatoka na nywele fupi na habari ndefu.

"Wakubwa wanakula nyama, sisi tunaguguna mifupa," alisema huku akimnyoa dereva wa lori.

"Nyoa, Taarifa. Usije ukanikata sikio kwa ajili ya siasa," dereva alijibu.

Watu waliokaa kwenye benchi walicheka.

Siku zile kulikuwa na habari moja iliyozungumzwa kila mahali. Serikali ilitaka kujenga barabara katikati ya mtaa wao. Barabara ingepita palipokuwa na maduka madogo, na duka la kinyozi lilikuwa mojawapo.

"Mimi naipinga," kinyozi alisema. "Nina mke na watoto. Wakibomoa hapa, nitawalisha nini? Maoni yangu ni kwamba barabara ipite kwingine."

Hayo yalikuwa maoni yake. Alikuwa na haki ya kuyasema.

Ng'ambo ya uchochoro kulikuwa na kibanda cha dada yake, fundi cherehani. Alikuwa mkubwa wake. Wazazi wao walipofariki, dada ndiye aliyemlea. Kibanda cha dada nacho kingebomolewa. Lakini yeye aliitaka barabara.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita, binti yake alishikwa na uchungu wa kuzaa. Gari la wagonjwa lilifika mwanzo wa mtaa, likashindwa kuingia. Uchochoro ulikuwa mwembamba mno. Walimlaza binti juu ya mkokoteni, wakausukuma katika mashimo na matope. Kinyozi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosukuma. Binti alikata roho kabla hawajalifikia gari. Mtoto naye hakupona.

Asubuhi hiyo dada alivuka uchochoro kumletea mdogo wake shati alilolitia kifungo. Akamkuta anahutubia.

"Anayeitaka barabara hii hana akili," kinyozi alikuwa akisema.

"Basi mimi sina akili," dada alisema akiwa mlangoni.

Kinyozi aligeuka. "Dada, na kibanda chako je?"

"Kibanda kikibomolewa nitajenga kingine. Binti yangu nitamjenga kwa nini?"

Dada akaliweka shati juu ya kiti, akarudi kazini kwake.

Dereva wa lori akapiga makofi. "Taarifa! Leo kinyozi kanyolewa, tena bila maji!"

Watu walicheka hadi machozi yakawatoka. Kinyozi naye alijilazimisha kucheka. Lakini moyoni aliungua kwa aibu.

Jioni, nyumbani, alichukua simu yake. Watu wengi wa mtaa walikuwa katika kundi moja la simu. Alibonyeza, akarekodi sauti yake.

"Ndugu zangu, jihadharini na dada yangu. Kampuni ya barabara imemnunua. Ameahidiwa nyumba ya matofali. Mimi ni mdogo wake wa damu, najua ninachosema."

Hakujua chochote. Hakuna mtu aliyemnunua dada. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe.

Mkewe alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama mkononi.

"Baba watoto, wifi amekwambia hayo?"

"Hajaniambia. Lakini lazima kuna jambo."

"Lazima kuna jambo? Wewe umeliona?"

"Hii ni siasa, mke wangu. Kesho watakuwa wamesahau."

Hawakusahau. Maneno yalitoka simu moja yakaingia nyingine. Asubuhi mtu mmoja aliongeza picha ya dada. Mwingine akaongeza kwamba dada amepeleka kwa kampuni majina ya wanaoipinga barabara. Kila aliyepokea aliongeza chumvi yake. Wateja wa dada walianza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Hawakumtazama usoni.

Mwishowe mtu mmoja alimsikilizisha ujumbe wenyewe. Dada akatoka, akasimama katikati ya uchochoro.

"Mdogo wangu!" aliita. "Ile ni sauti yako?"

Kinyozi aliinamia kichwa cha mteja. Akajifanya hajasikia kwa sababu ya mlio wa mashine.

Alasiri kundi la watu lilikusanyika mbele ya kibanda. "Msaliti! Msaliti!" walipiga kelele. Kinyozi aliwaona dirishani. Alijiambia, "Watapiga kelele, watachoka, wataondoka."

Dada alitoka nje kuzungumza nao. Akafungua mdomo tu, jiwe likaruka. Likampiga usoni. Alianguka juu ya cherehani yake iliyokuwa mlangoni, cherehani na fundi wote wakaenda chini. Watu wakatawanyika kama kuku. Mtu aliyebaki pale ni kinyozi peke yake, aliyetoka dukani mbio akiwa na taulo la kunyolea begani, akimwita dada yake.

Gari la wagonjwa lilisimama mwanzo wa mtaa. Halikuweza kuingia. Kinyozi na mkewe, aliyekuja mbio kutoka nyumbani, walimbeba dada mikononi hadi garini.

Hospitalini walikaa kwenye benchi, wakisubiri. Mzee mmoja wasiyemjua alikuwa amekaa karibu nao. Alikuwa akisikiliza simu yake. Mara kinyozi akasikia, "Mimi ni mdogo wake wa damu, najua ninachosema."

Mzee akatikisa kichwa. "Unasikia haya, kijana? Mtu mpaka ndugu yake anamkana, ujue ni kweli."

Kinyozi akageuzia uso ukutani.

Daktari alitoka akiwa ameshika miwani yake. "Atapona," alisema. "Lakini jicho la kulia hatukuweza kuliokoa. Poleni sana."

Mke wa kinyozi alilia kwa sauti. Kinyozi alitazama sakafu.

Jirani yao mmoja alikuwa mama wa makamo aliyesoma habari redioni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Walimwita Mama Mtangazaji. Kesho yake alikuja nyumbani kuwapa pole, akamkuta kinyozi amekaa sebuleni peke yake. Duka hakulifungua siku hiyo.

"Mama, mimi nilitoa maoni yangu tu," kinyozi alisema. "Si kila mtu ana haki ya kutoa maoni?"

"Anayo. Mimi mwenyewe nimeitetea haki hiyo maisha yangu yote," alijibu Mama Mtangazaji. "Ukisema 'siitaki barabara', hayo ni maoni. Dada yako akisema 'naitaka', nayo ni maoni. Mngeweza kubishana hadi jua lizame, kisha mkala sahani moja. Lakini kusema 'dada amenunuliwa', hayo si maoni, mwanangu. Hiyo ni habari. Na habari lazima iulizwe: nani ameona? Nani mwingine anajua? Mwenyewe anayesemwa anasemaje? Tulipokuwa redioni, habari isiyo na majibu hatukuisoma, hata ikiwa tamu namna gani."

"Sikumwambia mtu arushe jiwe."

"Hukumwambia. Jiwe ni la aliyelirusha, naye atalijibu. Lakini nani aliyewaonyesha pa kulirusha?"

Kinyozi alijifunika uso. Alilia kama mtoto. Mama Mtangazaji hakumnyamazisha.

"Nimeshaufuta ule ujumbe," kinyozi alisema baadaye.

"Umeufuta kwako. Kwa wengine bado upo. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sasa nifanye nini?"

"Uongo ulikopita, ukweli nao upite. Uliusema kwa sauti yako, usahihishe kwa sauti yako. Polisi wanamtafuta mrusha jiwe. Nenda ukawaeleze yote, na sehemu yako usiifiche. Halafu kuna mkutano wa wananchi kuhusu barabara. Huko ndiko mahali pa kupeleka maoni. Huwezi kuyamaliza dukani na kwenye simu, halafu ukategemea wahandisi wayasikie."

Kinyozi alirekodi ujumbe mwingine. "Nilisema dada yangu amenunuliwa. Nilisema uongo. Hakuna aliyemnunua. Tafadhali mpelekeeni ujumbe huu kila mtu mliyempelekea ule wa kwanza."

Wengine waliupeleka. Wengine hawakuupeleka. Ukweli ulitembea polepole kuliko uongo. Kituoni nako alieleza yote, polisi wakamwonya vikali na kuandika maelezo yake. Aliyerusha jiwe alikamatwa. Alikuwa mtu ambaye dada alimshonea suti ya harusi. Wateja wa kinyozi nao walipungua. Mtu mmoja alimwambia, "Ulimi uliomuuza dada yako, mimi utanibakiza?"

Siku ya mkutano, ukumbi wa mtaa ulijaa. Ofisa wa serikali aliwaambia, "Kila mtu atasikilizwa. Sema maoni yako na sababu yake. Matusi yaacheni nje."

Dada aliingia, amefunga bandeji. Watu walimpisha. Hakuna aliyethubutu kumtazama sana.

Kinyozi alisimama. "Kabla ya maoni yangu, dada yangu yuko hapa mbele yenu. Nilimsingizia. Haya aliyoyapata yametokana na mdomo wangu." "Kuhusu barabara, bado sitaki maduka yabomolewe halafu tuachwe jalalani. Lakini nimemsukuma mpwa wangu kwenye mkokoteni, na nimembeba dada yangu mikononi. Siwezi kusema barabara haihitajiki. Ninaomba tupewe mahali kwanza. Nyuma ya ghala la zamani kuna uwanja mtupu. Tuhamishwe huko, ndipo mjenge."

Dada naye akapewa nafasi. Alizungumza polepole.

"Mimi naitaka barabara. Sababu yangu mnaijua, mlikuja msibani. Na hilo la kuwahamisha watu kwanza, naliunga mkono."

Akaketi. Hakumtazama mdogo wake.

Watu wengi walizungumza siku hiyo. Wengine walipinga, wengine walikubali. Wahandisi walisikiliza, wakarudi mara mbili kupima upya. Mwishowe walikubaliana na wananchi. Wenye maduka walihamishiwa nyuma ya ghala la zamani. Ndipo barabara ikajengwa. Haikuwa pana sana, lakini gari la wagonjwa liliweza kupita.

Watu wa mtaa walijifunza. Katika kundi la simu, mtu akituma habari ya kumchafua mwenzake, kwanza huulizwa, "Umeona mwenyewe? Umemuuliza mhusika?" Dukani kwa kinyozi ubishi wa siasa uliendelea, maana bila ubishi kinyozi si kinyozi. Lakini maneno yakigeuka kumsema mtu asiyekuwepo, yeye huzima mashine. "Aitwe aje ajibu," husema.

Siku moja, kabla wateja hawajaja, kinyozi alikwenda kwenye kibanda kipya cha dada yake.

"Dada, nimekuja kuomba msamaha tena."

Dada alikuwa akisogeza sindano karibu na jicho lake moja, kisha mbali, kisha karibu. Uzi ulikuwa ukipita pembeni ya tundu.

"Mdogo wangu, sikufukuzi," alisema. "Wewe ni damu yangu. Lakini usiniulize kama nimesamehe. Siku moyo ukiwa tayari, nitakwambia mwenyewe."

"Sawa, dada."

Alijaribu tena. Uzi ulipita pembeni. Akautazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono, akampa sindano.

"Nitungie," alisema.

Kinyozi alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akautunga, akamrudishia. Dada akaipokea, akaanza kushona.

Kesho yake kinyozi alikuja tena mapema. Na kesho kutwa. Hutunga sindano zote za siku, huzichomeka mojamoja kwenye kitambaa mahali dada anapoweza kuzifikia, kisha huenda kufungua duka lake.