Ukoo wa Kuazima

Asubuhi ya Jumatatu, mgeni wa chumba cha juu alimaliza mayai sita, soseji zote na mkate mzima, kisha akaomba maganda ya viazi. Attracta Gilhooly alimtazama juu ya birika la chai, akajisemea kwamba Mmarekani ni Mmarekani tu, tumbo lake halina adabu. Akampa. Yule bwana akayala mabichi, kwa mikono miwili, na udongo wake.

Attracta alikuwa na dharau ya kutosha kulisha kaunti nzima ya Roscommon, huko Ayalandi, na kubakiza ya kesho. Hakuwahi kuolewa kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuzaliwa mwanaume wa kumtosha. Aliwadharau majirani kwa viatu vyao vya matope na padri kwa mahubiri yake ya kusinzisha. Lakini dharau iliyonona aliwawekea wageni wake wa kulipia, wale wanaovuka bahari kila kiangazi na kikaratasi chenye jina la babu wa babu yao, wakitaka kuonyeshwa jiko alilozaliwa karibu nalo. Nani angehangaika kutafuta? Aliwapeleka wote kwenye gofu lile lile la nyumba, kilimani nyuma ya nyumba yake. Wiki hii lilikuwa la akina Brennan, wiki ijayo la akina Kelly. Walilia, wakapiga picha, wakaondoka wameridhika. Wajinga ndio waliwao, alizoea kusema.

Huyu wa sasa, Wendell Hanley, fundi bomba mstaafu, hakulia. Jumapili, siku moja kabla ya yale mayai, alisimama ndani ya gofu kama anayesubiri basi. Attracta akaona onyesho lake linaharibika, akamwambia, "Waite, bwana. Damu husikia. Waambie umewarudia."

Hanley akapiga magoti kwenye majani marefu, akasema kwamba yeye ni wao na amekuja kuwachukua. Upepo ukakatika. Ikapanda harufu ya viazi vilivyooza, nzito ya kushika koo, na kilima kile hakijalimwa tangu mwaka wa njaa kuu. Attracta akaziba pua na kusema ni mbwa aliyekufa mahali fulani.

Kufikia Jumatano mgeni alikuwa amekula chakula cha kuku na mishumaa miwili, na bado suruali ilimdondoka kiunoni. Mchana wa siku hiyo Attracta alipanda ngazi na sinia la uji, na kabla hajafika juu akasikia sauti ya kutafuna, akataka kucheka, lakini kicheko kikamkwama kwa kuwa kinywa hakikuwa kimoja, vilikuwa vingi, vidogo, vya watoto, vikilamba na kunyonya na kugombania, na alipousukuma mlango akamkuta Hanley peke yake kitandani, mdomo wake umefungwa, machozi yanamtiririka.

"Bi Gilhooly, wananinyang'anya," alinong'ona. "Nikitia mdomoni, wanameza wao."

"Akina nani?"

"Wadogo. Wako wanne. Wananiuliza mbona nilichelewa kurudi na chakula."

Sinia likamponyoka Attracta. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliogopa, na akachukia kuogopa.

Alimwita Malachy Beirne, mtoto wa saba wa mtoto wa saba, yaani mganga wa kuzaliwa kwa imani ya huko, ambaye asubuhi aligawa barua na jioni alitibu mapunye na mashetani. Malachy alimwekea mgonjwa mkono kifuani, akauondoa upesi, akashuka jikoni.

"Jumapili ijayo haimkuti hai," alisema kwa sauti ya chini. "Umempeleka kwa akina Cuniffe."

"Lile ni gofu tu, Malachy."

"Attracta, nimegawa barua hapa miaka thelathini, najua nani ni wa nani. Utapanda kule useme mambo mawili. Kwamba huyu si wao. Halafu useme aliye wao ni nani."

Hii ndiyo siri aliyodhani imezikwa, kumbe parokia nzima iliijua. Mwaka ule viazi vilipooza, binti mkubwa wa Cuniffe aliteremka kilima kuwaombea unga wadogo zake wanne kwa akina Gilhooly. Akapewa uji, akala, akakaa karibu na moto, na hakurudi. Wadogo walipokuja kubisha, aliwasikia, akanyamaza, nao wakafa njaa katika nyumba ile ambayo leo ni gofu. Alikua, akaolewa na kijana wa nyumba ile, akamzaa babu yake Attracta. Kwa Attracta, afadhali angekuwa na mwizi katika ukoo kuliko wafu wa njaa.

Walipanda saa tatu usiku, jua la Juni la huko kaskazini bado liko juu ya kilima, wamembeba Hanley katikati, mwepesi kama tita la nyasi kavu. Mara tu walipovuka kizingiti majani yakaanza kusogea bila upepo, yakifunguka na kufungika katika njia nne nyembamba zilizokuja taratibu kutoka kila pembe, zikamzunguka mgonjwa magotini, na ile harufu ikawa nzito hata Attracta akahisi ladha yake ulimini.

"Huyu si wenu," alisema. "Nilidanganya."

Majani yakatulia. Hanley akavuta pumzi ndefu, akaomba maji.

"La pili," alisema Malachy.

Majani yalimwinamia Attracta, yakangoja. Jina moja tu lilitakiwa. Aliviangalia viatu vya matope vya Malachy, akawaza maneno hayo yatakavyochekwa kwenye baa na baada ya misa. Akafunga vifungo vya koti lake, akateremka kilima bila kugeuka.

Alhamisi Hanley alikula kipande kimoja cha mkate, akalia kwa kuwa kilimtosha, akaondoka.

Jumamosi adhuhuri Malachy alileta barua, akakuta mlango wazi. Kabatini hapakubaki kitu, hata sabuni. Alimkuta Attracta bustanini, kwa mikono na magoti, koti la Jumapili likimpwaya, aking'oa nyasi kwa meno. Mdomo wake ulikuwa wa kijani mpaka kidevuni. Kando yake nyasi zililala mahali panne, padogo, kama palipokaliwa na watoto.

Malachy alivua kofia, akachuchumaa mbele yake.

"Bado hujachelewa, dada yangu. Niambie, hawa ni ndugu wa nani?"

Attracta aliinua uso, akatafuna, akameza. Akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Akina Cuniffe?" alisema. "Siwajui watu hao."

Akainama tena.