Neno la Mjomba

Saa 5:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la simu. Meneja alitandaza ramani ya bohari ya dawa mezani. Dereva wao alitafuna kijiti. Walimwita Kobe kwa kumtania, maana hakujua kuendesha polepole.

"Fundi, rudia."

Fundi wa mitandao alirudia bila kuinua macho. Kengele ya bohari hailii pale pale. Ishara inaingia kwenye ruta, kile kisanduku cha mtandao, inapita njia ya siri ya VPN hadi kwa walinzi makao makuu. Ukikata waya, kule wanajua. Kwa hiyo wataweka ruta yao badala ya ile, yenye ufunguo uleule wa maneno, itume habari kwamba mambo shwari. Wana dakika moja ya kubadilisha. Ufunguo ukipishana herufi moja tu, njia inakufa, na makao makuu wanaita askari.

"Ufunguo unao?"

"Niliuweka mwenyewe."

Hakusema kwamba mlinzi wa bohari ni mjomba wake, wala kwamba mzee huyo ndiye aliyemtafutia kazi ya kufunga ruta pale. Siku ya kufunga ruta Fundi aliona uvivu kutunga ufunguo mgumu. Akamwomba mzee maneno yoyote marefu. Mzee alicheka. "Andika: mwanangu hanidanganyi." Aliyaandika hivyo hivyo, bila nafasi.

"Na mlinzi?" Meneja aliuliza.

"Yuko likizo. Leo hakuna mtu."

Saa 7:40 mchana.

Mjomba alikuwa amekaa mlangoni, anasoma gazeti. Likizo ilikuwa imeahirishwa. Fundi alimwona kupitia kioo cha gari.

"Turudi. Yule ananijua."

"Anakujua?" Meneja alichukua nondo chini ya kiti. "Basi hawezi kubaki na mdomo. Ukisema tayari tu, namfuata."

Saa 7:52.

Kabati la ruta lilikuwa ukutani, nyuma ya jengo. Fundi alihamisha waya, akapiga magoti mbele ya kompyuta yake. Aliandika neno mwanangu, akasita. Aibu ilimchoma. Mzee huyu alimlipia shule, na yeye amemletea mtu mwenye nondo. Akamalizia neno la pili.

Taa ya ruta ilipepesa, ikazima.

"Tayari?"

"Bado. Njia inajijenga."

"Tayari?"

"Subiri, bwana!"

Saa 8:01.

Ving'ora. Kobe aliondoka peke yake, mlango wa gari ukipigapiga. Meneja alielewa, akamvunja Fundi mkono kwa nondo kabla yeye mwenyewe hajalazwa chini na askari.

Mjomba alikuja mbio, akamkuta mpwa wake ana pingu mkono mmoja. Kompyuta ilikuwa bado wazi. Mzee aliinama, akasoma kwa kidole, polepole, kama anavyosoma kila kitu.

*mwananguananidanganya*

"Umekosea hapa, mwanangu," alisema. "Sivyo nilivyokwambia."

Fundi alilia waziwazi.

"Sikukosea, mjomba."