Mstari wa Pili Huja Polepole

Theodosia hakuwa mtu wa kungoja. Kule bondeni Mutaho, maji yakichelewa kufika kwenye mpunga wake, alishika jembe akauchimba mfereji uiname zaidi. Maji yakaja mbio.

Asubuhi moja binti yake Upendo, wa miaka minne, aliamka anachemka kwa homa. Uji wote aliutapika. Theodosia alimfunga mgongoni, huyoo, mpaka kwa Dorotea, mhudumu wa afya wa kilima chao.

Dorotea alimtoboa mtoto kidole. Akaweka tone la damu kwenye kipimo cha malaria, akatia na matone ya dawa yake.

"Tungoje dakika kumi na tano," akasema, akatoka kwenda kunawa mikono.

Loo! Damu ilitambaa kwenye karatasi ya kipimo kama konokono. Theodosia akashindwa kuvumilia. Akakiinua kipimo upande mmoja, akakitikisa. Karatasi yote ikawa nyekundu.

"We mama, unafanya nini?" Dorotea alirudi mbio.

"Naisaidia ishuke, dada. Kwenye mpunga nafanya hivyo hivyo."

"Eh! Kipimo iko imeharibika. Na mi nimebaki na kimoja tu!"

Theodosia aliona haya, machozi yakamtoka. Kituo cha afya kilikuwa mbali, na mtoto alikuwa analegea. Dorotea akamshika bega.

"Pole, mama. Sikiliza. Ndani ya karatasi hii hakuna mfereji mmoja kama wa shamba. Kuna vijia vingi, vyembamba kuliko unywele. Damu inavutwa humo yenyewe. Kama mtu ni mgonjwa, damu yake iko na chembe za malaria, ndogo sana, hazionekani. Hazina macho ya kuona njia. Zinatangatanga ndani ya maji, huku na huku, mpaka zikutane na dawa iliyopakwa pale kwenye mstari, zinase. Ukiikimbiza damu, zinapita bila kunasa."

"Kumbe!"

"Voilà, ndiyo hivyo. Haraka haraka haina baraka."

Kipimo cha mwisho kikawekwa mezani. Safari hii Theodosia aliikalia mikono yake. Dakika ya tano ukatokea mstari mmoja.

"Hana malaria!" akaruka.

"Huo unasema tu kipimo ni kizima. Kaa."

Dakika ya kumi na tano, mstari wa pili ukajitokeza, hafifu.

"Hata ukiwa hafifu, ni malaria," alisema Dorotea. Akampa mtoto dawa palepale. Siku ya tatu Upendo aliomba viazi, akaanza kugombana na kuku.

Wiki mbili baadaye simu ya Theodosia ililia. Alikuwa Kastori, mume wake, aliyekwenda Muyinga kuuza mchele. Sauti yake ilitetemeka.

"Mama Upendo, nina homa. Nimepimwa hapa kituo cha afya, dakika tatu zimepita, mstari ni mmoja. Basi sina malaria. Napanda gari nirudi."

"Baba Upendo, keti!"

"Gari linaondoka!"

"Liondoke! Nakuomba, mume wangu. Keti ukitazame hicho kipimo, wala usikiguse."

Kastori alinung'unika, lakini alikaa. Theodosia naye akakaa, simu sikioni. Mwishowe akamsikia mumewe akivuta pumzi.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ndogo, "wa pili umekuja."

Alianza dawa siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata akapanda kilima cha nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.