Ufunguo wa Saa ya Mnara

Jumanne hiyo Kasoki alifika kwenye jumba la zamani la manispaa saa kumi na moja na robo jioni, roho ikiwa juu juu kama maziwa yanayotaka kufurika jikoni. Treni kutoka St Marys, mtaani kwake, ilichelewa. Polisi wawili walimsimamisha stesheni, wakakisoma kibali chake cha kazi mbele na nyuma. Pua ilikuwa bado ikimwasha kwa kile kijiti cha kupimia Korona, maana upande wao walipimwa kila siku ya tatu. Na kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amemfokea Yvette, bintiye wa miaka kumi, kwa sababu ambayo sasa hata haikumbuki.

Jumba lilikuwa limefungwa tangu Juni. Kazi yake ilikuwa kufungulia kila bomba, dakika tano tano, maji yasije yakaharibika ndani ya mifereji. Basi. Kuwafungulia maji watu ambao hawapo.

Mumewe, Mirindi, alikuwa amekwama Kampala mwaka wa pili. Faili lake la kuja kuungana nao huku ugenini lilikwisha kupitishwa, lakini mipaka ilifungwa wiki tatu kabla ya safari. Kila Kasoki akipiga simu ofisi ya uhamiaji aliambiwa neno lile lile: subiri.

Kitu kimoja tu kilimpoza moyo pale, nacho ni mnara. Ulisimama juu ya jumba, wa mawe ya manjano, umevikwa kofia ya shaba iliyoota kijani, na saa pande zote nne. Watu walipita chini yake na mbwa wao bila kuinua macho. Kasoki aliinua. Baba yake alikuwa fundi saa kule Butembo, na yeye alikulia miguuni pa meza yenye skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Kwa hiyo ilimuuma kuona saa nzuri vile imesimama saa mbili na dakika kumi, pande zote nne, miaka na miaka. Mara tatu alimwambia msimamizi wake, Kalume, Mkenya wa Kilifi.

"Dada, sisi mkataba wetu ni mabomba," Kalume alimjibu. "Saa tuwaachie wenyewe."

Alikuwa anafunga bomba la mwisho aliposikia.

"Kasoki…"

Sauti ilitoka juu. Ya chini, ya taratibu.

Bibi yake alimfundisha mapema: jina lako likiitwa magharibi, usiitike mara ya kwanza. Mtu ataita tena. Kisicho mtu hakirudii. Kasoki alilijua hilo kama anavyojua Baba Yetu. Lakini alikuwa amechoka, na akadhani ni Kalume amekuja kumkagua.

"Nini tena?" akaitika kwa hasira.

Sauti haikurudia.

Kisha… kri… kri… kri.

Harufu ya mafuta ya mashine ikashuka, imechanganyika na harufu ya manyoya yaliyolowa. Mwisho wa korido mlango mwembamba ulikuwa wazi. Wiki sita alipita pale kila siku, na hakukumbuka kuona mlango.

Akapanda. Ngazi za mbao zililia chini ya viatu vyake. Juu kabisa mwanga wa jioni ulipenya kwenye kioo cheupe cha saa, na namba zote zilionekana kinyume. Mtu mmoja alisimama katikati ya magurudumu ya chuma, amempa mgongo. Koti la kahawia. Hakuvaa barakoa.

"Umeitika," alinong'ona bila kugeuka.

"Wewe ni fundi?"

"Ufunguo ni mzito. Nimechoka."

Akanyoosha mkono nyuma. Ulishika mpini mrefu wa chuma, ndio ufunguo wa kuzungushia saa.

Baadaye Kasoki alishindwa kabisa kukumbuka walizungumza lugha gani. Alichokumbuka ni kwamba miguu ilitaka kukimbia, na hasira ikakataa. Kila kitu kimesimama. Mume amesimama, faili limesimama, treni zinasimama. Angalau hiki nitakisukuma mimi.

"Lete," akasema.

Akautia kwenye tundu la mashine, akazungusha. Kri… kri… Kitu kizito kilianza kupanda kutoka chini ya sakafu. Mabega yaliwaka moto. Jasho na machozi vilimtoka pamoja, naye hakuacha. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kitu kilikuwa kinautii mkono wake.

Tak.

Mshale ukasogea.

"Inatosha," yule mtu akanong'ona. "Nenda polepole. Mtoto asikutie wasiwasi, kuna mtu naye."

Kasoki hakuwa amemtajia mtoto.

Aliutupa mpini, akashuka mbiombio, akiparuza viganja ukutani. Nje anga lilikuwa lile lile la jioni, jekundu kidogo. Dakika kumi tu, alijiambia. Akakimbilia stesheni. Ubao wa treni ulionyesha saa kumi na moja na dakika hamsini.

Jumatano.

Akatoa simu. Jumatano. Usiku mzima na mchana mzima vimepita, wala hapakuwa na simu hata moja iliyomkosa. Hakuna aliyemtafuta.

Alimpigia Yvette. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, njia nzima hadi St Marys, abiria watatu waliokuwemo wakimwangalia juu ya barakoa zao. Alifika kwake anahema, akaugonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Yvette! Fungula! Fungula mulango!"

Mtoto akafungua, kijiko mkononi.

"Mama, umesahau nini?" akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Si umetoka sasa hivi?"

Nyumba ilinukia sombe, kisamvu cha kwao. Sufuria ilikuwa bado ya moto. Sakafu imepigwa deki. Na kichwa cha Yvette, kilichokaa timutimu karantini nzima, kilikuwa kimesukwa misuko myembamba, imenyooka, mmoja mmoja, kwa mkono usio na haraka.

Kasoki akainama, akamnusa.

Mafuta ya mashine.

Simu ikalia mfukoni. Ni Mirindi.

"Mke wangu, jana umenifurahisha," alisema. "Saa nzima umecheka. Ni zamani sijakusikia hivyo."



Alhamisi alimlazimisha Kalume waende pamoja. Mwisho wa korido walikuta ukuta wa matofali, rangi yake imezeeka na kupasuka.

"Mlango gani, dada?" Kalume aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo. "Ngazi ya mnara iliondolewa kitambo. Kule juu hakufikiki."

Lakini juu yao walisikia wote wawili. Tak… tak… tak. Na nje watu walikuwa wamesimama barabarani, wameinua vichwa, wanapiga picha na kusifu uzuri wa saa ambayo hawajawahi kuitazama.

Kasoki aliacha kazi siku hiyo hiyo. Mchungaji wao, Fidèle, aliwaombea kwa simu, akakemea pepo kwa sauti hadi simu ikakwaruza. Jumamosi mchana, Kasoki alimkalisha mtoto sebuleni, akachukua kitana kuifumua ile misuko.

Yvette akakishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Usifumue, Mama. Tafadhali."

"Yvette, nisikilize. Yule hakuwa mimi."

"Najua," mtoto akasema.

Kitana kikamponyoka Kasoki.

"Ulijua? Tangu lini?"

 Safari hii Yvette alijibu kwa Kiswahili, polepole, ili mama yake aelewe vizuri.

"Tangu aliingia. Hakunifokea hata mara moja."