Kifurushi Ndani ya Begi la Nyogokuru

Kijijini kwao Katumba, Séverine alijulikana kwa wepesi wa kutumwa. Kila siku akitoka shule alipeleka chumvi kwa huyu, akarudisha jembe la yule, kisha akateka maji. Mzigo aliopewa aliufikisha. Hakuwahi kuuliza ndani kuna nini.

Alipokuwa darasa la sita, yeye na bibi yake, ambaye nyumbani walimwita Nyogokuru, walialikwa na shangazi yake anayeishi Kigali, aliyekuwa amejifungua. Wangepanda ndege Mpanda hadi Dar es Salaam, kisha waunganishe ndege ya kimataifa.

Asubuhi ya safari, Séverine akifagia uwanja, jirani yao Pontien, fundi pikipiki, alimletea kifurushi kilichofungwa kwa mpira.

"Mdogo wangu, nisaidie. Ndugu yangu atakipokea Dar. Bibi usimsumbue, ana mambo mengi."

"Sawa, kaka."

Begi lake dogo lilikuwa limejaa, kwa hiyo alikisukuma katikati ya nguo za Nyogokuru.

Kwenye uwanja wa ndege wa Mpanda walipanga foleni. Afisa usalama, dada aliyeitwa Eufrazia, alisimama kando ya mashine ya ukaguzi.

"Shikamoo, bibi. Tuna utaratibu mpya, tunauliza kwanza ndipo begi linapita. Hili umelifunga mwenyewe?"

"Marahaba. Mwenyewe, mwanangu."

"Kuna mtu amekupa mzigo umpelekee mwingine?"

"Hakuna. Ni nguo zangu tu."

Séverine alikikumbuka kile kifurushi. Akisema, huenda wangezuiwa, na ndege nyingine ingekuja baada ya siku tatu. Akinyamaza, Nyogokuru angeonekana mwongo mbele ya watu wote. Begi lilikuwa tayari limeinuliwa liwekwe kwenye mashine.

"Dada, subiri!" alisema. "Kuna kifurushi humo. Nimekiweka mimi. Nyogokuru hajui."

Watu waligeuka. Nyogokuru alimtazama.

Eufrazia hakufoka. Aliwapeleka kwenye meza ya pembeni, akavaa glovu, akafungua begi. Harufu ya petroli ikatoka. Ndani ya kifurushi kulikuwa na kabureta ya pikipiki, na petroli iliyobaki ndani yake ilikuwa imevuja hadi kwenye kitenge kipya cha Nyogokuru.

Séverine alimtaja Pontien, naye alipopigiwa simu alishtuka. "Nilidhani nimeimwaga yote! Nilitaka tu ikatengenezwe. Nisameheni, nakuja kuichukua."

Eufrazia aliandika maelezo ya Pontien, akaitenga kabureta pamoja na kitenge kile, akakagua nguo nyingine moja moja. Zilikuwa salama. Begi likapita kwenye mashine.

"Kwa nini hukuniambia nyumbani?" Nyogokuru aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimezoea kutumwa tu, Nyogokuru. Sikufikiria." Machozi yalimlengalenga. "Na kitenge chako kimeharibika."

"Kitenge kitafuliwa. Ila mimi nimemjibu mtu jambo nisilolijua, mjukuu wangu. Hilo ndilo limeniuma."

"Nisamehe."

Nyogokuru alimfuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

Eufrazia aliinama hadi macho yao yakalingana. "Séverine, petroli kidogo tu ikishika moto angani, abiria hawana pa kukimbilia. Mashine inatuonyesha vitu, lakini haituambii nani kaviweka wala kwa nini. Hayo tunayapata kwa watu wanaosema kweli. Dar mtaulizwa tena, na viwanja vyote vya kimataifa ni hivyo hivyo."

"Nitajibu kweli, dada."

"Najua, maana leo umejibu ukiwa na hofu. Endelea kuwasaidia watu. Lakini usibebe usichokijua, na usiweke kitu kwenye mzigo wa mtu bila yeye kujua. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijapanda ndege."

Abiria wakaitwa. Nyogokuru alimshika mkono Séverine, wakatembea pamoja kuelekea kwenye ngazi ya ndege.