Gari Lililonyweshwa Maziwa

Saa sita na nusu mchana, katika yadi ya magari ya Abdulnasser Fumo pale Minjila, Hiribae Huka aliweka kiganja juu ya boneti ya gari jekundu akakuta ni baridi. Magari mawili yaliyosimama kando yake yalikuwa yakichoma. Lile la kijivu alikuwa amelishika punde tu, akauondoa mkono haraka. Hili jekundu lilikuwa baridi kama mtungi wa maji, na mbele kabisa, katikati ya taa, bati lake lilikuwa na unyevu.

Hiribae alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na hajawahi kununua gari. Alikuwa Mworma, mwana wa marehemu Huka Guyo, na kitu pekee alichojua kukichagua ni ng'ombe. Aliuza madume kumi na moja ili apate gari la spoti, la milango miwili, kwa sababu tangu alipokuwa shuleni Garsen alitaka siku moja kuipita barabara ya Malindi kwa mwendo ambao watu wangegeuza shingo. Basi alilikagua gari kama baba yake alivyomfundisha kukagua mnyama. Aliinama akatazama magurudumu kama anayetazama kwato. Alilizunguka kuanzia nyuma, maana ndiko kilema hujificha. Mwisho alirudi mbele, akapitisha vidole kwenye ule unyevu, akatabasamu. Pua ya ng'ombe mzima huwa baridi na yenye majimaji. Ya mgonjwa hukauka.

"Nataka hili," alisema.

Abdulnasser Fumo, mzee wa Kipini aliyekuwa akifanya biashara Minjila, hakuinuka kitini. "Hilo la kijivu injini yake ni njema zaidi."

"La kijivu lina homa."

"Gari lina homa?"

"Lishike mwenyewe, mzee."

Abdulnasser hakucheka. Alimtazama kijana yule, kisha akatazama chini. "Ndugu yangu, nyumbani kwako mna mtoto mchanga?"

"Yupo. Binti yangu, Ruwaida. Ana siku ishirini na mbili. Kwani naye anahitaji leseni?"

Abdulnasser alilitazama gari jekundu. Yeye mwenyewe alikuwa amezika mjukuu mwezi wa Rajabu, na tangu siku hiyo gari lile halikuwa limetoka yadini. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

"Twaa," alisema. "Mungu akubariki nalo."

Hiribae alipoondoka, mzee alifunga geti la yadi kwa kufuli, akaenda kuoga.

Katika boma la kina Huka, mnyama mgeni hakuingia kimya. Alipakwa maziwa kwenye paji la uso, akaitwa jina mbele ya watu, akaambiwa kwamba sasa ni wa boma lile na hatakosa kitu. Kazi hiyo ilikuwa ya mama yake Hiribae, Hawa Bonaya. Siku ile alikataa.

"Hicho ni chuma," alisema. "Chuma hakinyonyi."

"Nimetoa madume kumi na moja, mama. Watu wanatazama."

Majirani walikuwa wamesimama uani, na mmoja wao, Tamar, alikuwa ameshaanza kuuliza kwa sauti kama gari hilo litakamuliwa asubuhi au jioni. Hiribae aliona haya. Alichukua kibuyu mwenyewe, akamimina maziwa kwenye boneti, akasema, "Jina lako ni Diima, yaani mwekundu. Wewe ni wa boma hili. Kinachonywewa hapa ni chako pia."

Maziwa hayakufika chini. Yalitambaa juu ya bati, yakaelekea mbele, yakaisha.

"Lina kiu gari lako," Tamar alisema, na watu wakacheka. Hawa hakucheka. Alikuwa akitazama mchanga chini ya gari, ambao ulikuwa mkavu.

Kesho yake ng'ombe watatu walikamuliwa, wakatoa kiasi cha kulowesha kidole. Siku ya tatu hakuna aliyetoa kitu. Ndama walizunguka zizini wakigonga viwele kwa vichwa. Hawa alisema ni majani, mvua imechelewa, na alisema hivyo huku akilitazama gari.

Siku ya nne, baada ya sala ya adhuhuri, Kadra, mkewe Hiribae, alikuwa amelala ubavu kwenye kivuli cha nyumba, mtoto akinyonya. Alisikia sauti ya kufyonza, akadhani ni ya Ruwaida tu, lakini alipotega sikio zilikuwa mbili, moja ndogo na ya haraka iliyokuwa kifuani pake, na nyingine nzito, ya polepole, iliyotoka uani pale gari liliposimama peke yake juani, injini imezimwa, milango imefungwa, na kila ile ya uani ilipovuta alihisi kitu kikipita ndani ya titi lake kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo, akaliona likilegea na kusinyaa mbele ya macho yake, mpaka Ruwaida akaiachia chuchu akaanza kulia, na ile sauti ya uani isikome.

Hiribae aliporudi kutoka dukani Kadra alimweleza, akinong'ona kana kwamba gari lingesikia.

"Huli vizuri," Hiribae alisema.

"Nakula. Njoo unuse ndani ya gari lako."

"Ninuse nini?"

"Njoo."

Alikwenda. Alipofungua mlango, harufu ya maziwa yaliyochacha ilimpiga usoni. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa, cheupe. Alikifuta kwa kitambaa, akafunga mlango, na hakumwambia mkewe kitu. Jioni ile aliliendesha hadi Garsen na kurudi, na watu wakageuza shingo.

Katika siku sita Ruwaida alipungua mpaka ngozi ya mapaja ikakunjamana. Alikuwa halii tena. Alifungua mdomo tu. Hapo ndipo Hiribae alipolirudisha gari Minjila. Yadi ilikuwa na kufuli. Mwenye duka la jirani alimwambia kwamba Abdulnasser Fumo amerudi kwao Kipini na hakusema atarudi lini.

Hawa alituma watu kijiji cha Wema kumwita Maalim Kassim Jilo, Mpokomo mwembamba aliyejulikana kwa kusoma vitabu na kutoa majini. Alifika asubuhi, akaomba boneti ifunguliwe, akasoma kwa muda mrefu huku jasho likimtiririka. Alipofika mwisho, redio ya gari, ambayo ilikuwa imezimwa, ilisema, "Waalaikum salaam, Maalim." Ilikuwa sauti laini, ya adabu.

Kadra alishika mkono wa mama mkwe wake.

"Toka," Maalim alisema.

"Mgeni ndiye hutolewa. Mimi nimeitwa jina na kunyweshwa mbele ya majirani. Muulize mwenye boma."

Maalim alimgeukia Hiribae. "Ulifanya hivyo?"

"Ni desturi yetu ya ng'ombe," Hiribae alijibu kwa sauti ya chini.

Maalim alifunga kitabu. Alifikiri, kisha akaliinamia gari. "Huyu mtoto anakufa. Utamwachia mama yake maziwa?"

"Sijui kuacha. Mwenye kunyonya haachi mwenyewe, huachishwa."

"Tukikuachisha, utaapa?"

"Naapa kwa aliyeniumba. Mkiniachisha, sitagusa tena maziwa ya boma hili, ya mnyama wala ya mtu."

Maalim Kassim aliridhika. Alisema jini akiapa kwa Mola wake havunji. Aliagiza shubiri, ikapondwa, ikapakwa kwenye matiti ya Kadra na kwenye viwele vya ng'ombe wote, na Hawa akapaka kinyesi cha ng'ombe mbele ya gari, kama apakavyo wakati wa kuachisha ndama. Ilimaanisha kwamba Ruwaida naye ameachishwa, akiwa na siku thelathini na tano. Kadra alilia huku akijipaka. Mtoto alilishwa maziwa ya kopo, na siku ya kwanza aliyatapika.

Gari lilipiga kelele mchana kutwa siku tatu, honi ikilia yenyewe, nyembamba, ya kubembeleza, mpaka majirani wakahamisha mifugo yao. Siku ya nne likanyamaza. Bati lilikuwa la moto kama la magari yote. Ng'ombe walioshwa viwele wakatoa maziwa mengi. Ruwaida alizoea chupa, akajaa mashavu, akaanza kumfuata bibi yake kwa macho. Hawa aliwapelekea majirani kibuyu kwa kibuyu. Maalim Kassim alilipwa beberu akarudi Wema.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Hiribae alimpeleka Kadra na mtoto Garsen kwa gari, wao wawili wakiwa kiti cha nyuma. Hawa alibaki. Karibu na saa sita alikwenda zizini kumtazama ndama aliyekuwa amemwachisha juma lile lile. Alimkuta kando ya ua, ameshika jani la kwanza mdomoni, akilitafuna bila ustadi, na alisimama akamtazama kwa furaha kidogo, kisha furaha ile ikamtoka. Maalim Kassim alikuwa mtu wa vitabu, hajawahi kufuga. Ndama akiachishwa haondoki zizini. Huanza kula.

Alimpigia mwanawe simu pale pale.

"Tuko njiani kurudi, mama," Hiribae alisema. "Amepimwa. Muuguzi amemsifu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nyuma, na Kadra. Wamelala wote wawili."

"Simamisha gari. Usiulize. Simamisha, umtoe mtoto nje."

Hawa alisikia mlio wa magurudumu juu ya changarawe, kisha injini ikazimwa.

"Kadra," Hiribae aliita. "Kadra, amka, nipe mtoto."

"Mm," Kadra alijibu, sauti yake ikiwa nzito kwa usingizi. Nguo zilisikika zikipekuliwa. "Hiribae. Ulimchukua wewe huko mbele?"

Kwenye simu Hawa Bonaya, aliyelala kando ya zizi tangu utoto wake, aliitambua sauti kabla ya wale wawili waliokuwa ndani ya gari: taya zikisaga polepole, zikitulia, zikimeza, zikianza tena. Ng'ombe hacheui wakati wa kula. Hucheua baadaye, akiwa ameshashiba.